Usipige Picha Kipande House Kama Hutataja Kipande

Wasee, kuna mtindo umeingia mitandaoni na leo lazima tuuongelee bila kubembelezana. Mtu anafika Nairobi, anasimama pale Kenyatta Avenue inapokutana na Loita Street, anaelekeza simu kwa lile jengo la mawe lenye mnara, anaweka muziki wa polepole, anaandika "Nairobi ya kitambo, safi sana." Laiki zinamiminika. Chini watu wanasema ati wazungu walijua kujenga, ati hiyo ndiyo benki ya enzi za Malkia Victoria, ati majengo ya siku hizi hayana roho. Mwingine anauliza kama wanaruhusu picha za harusi.

Jengo hilo linaitwa Kipande House. Jina liko wazi, halijafichwa. Na bado video inaisha, mtu anapanda matatu anaenda zake, na neno "kipande" halijatajwa hata mara moja.

Mimi nasema hiyo ni aibu, na ni aibu yetu sisi watengeneza kontenti kabla ya mtu mwingine yeyote. Lile jengo si pambo la kusimama mbele yake na koti jipya. Ni mahali ambapo Mwafrika aliingia na vidole vyake kumi akatoka akiwa nambari. Ukilipiga picha bila kusema hivyo, unamsaidia aliyelitumia vibaya kuonekana msafi.

Najua kuna mtu ataanza: wewe uliacha chuo, unatufundisha historia kwa cheti gani? Ni kweli, niliacha. Karo ilishinda nguvu za nyumbani, nikarudi Kanja na simu yangu. Lakini hii historia haihitaji digrii. Nenda kwa guka yako jioni hii, muulize swali moja tu: "Guka, baba yako alivaa kipande?" Kama guka ana miaka themanini hivi, baba yake ni wa kizazi kilichokivaa. Si hadithi ya Warumi hii. Ni watu wawili tu nyuma yako.

Sasa twende polepole, tuanze na hiyo "benki ya Victoria."

Malkia Victoria alikufa Januari 1901. Kipande House ilijengwa 1913, wakati Uingereza ilikuwa chini ya Mfalme George wa Tano. Nairobi yenyewe ilianza 1899 ikiwa kambi ya reli. Kwa hivyo, ukitaka kuwa sahihi, mwenye mtindo alikuwa ameshazikwa wakati mtindo wake unafika kwetu. Tulipata majengo vile tunapata mitumba: yalivaliwa Ulaya kwanza, yakachoka huko, yakafunguliwa huku kama kitu kipya. Ukitaka benki ya huku ya enzi za Victoria kweli, nenda Mombasa, ambako National Bank of India ilifungua tawi 1896.

Halafu kuna hii ya "wazungu walijua kujenga." Kipande House ilichorwa na Mhindi, Gurdit Singh. Reli yenyewe ilijengwa na vibarua wengi walioletwa kutoka India, na mafundi Wahindi ndio walijenga sehemu kubwa ya mji wa mwanzo. Na kama unafikiri mawe yalikuja na meli, nenda Migori uone Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wa kushikanisha, na UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2018. Nenda Gede. Nenda Lamu. Watu wa nchi hii walijua jiwe ni nini kabla ya mtu yeyote kuja kulipiga muhuri.

Lakini mtindo wenyewe una maana, na hii ndiyo sehemu wapiga picha wanapitia juu juu. Kwa nini benki za Uingereza za karne ya 19 zilijengwa kama majumba ya wafalme au mahekalu? Si urembo tu. Siku hizo benki ikianguka, pesa yako imeenda. Hakukuwa na bima ya amana kama yetu ya leo, ambayo inalinda hadi shilingi 500,000 za mteja. Basi benki ilikuwa inakuomba uiamini bila kukuonyesha vitabu vyake, na kitu pekee ulichoona kwa macho yako ni ukuta. Wakajenga ukuta mnene. Wakaweka nguzo, milango mirefu, dari la juu mpaka ukiingia unajiona mdogo na unaanza kuongea kwa sauti ya chini. Pale Bishopsgate, London, National Provincial Bank ilimpa kazi msanifu John Gibson, na 1865 wakawa na makao yenye nguzo mbele na sanamu juu ya paa. Kwa benki! Ujumbe ulikuwa mmoja: sisi hatuanguki.

Na walianguka. Mwaka wa 1878 City of Glasgow Bank kule Scotland ilifunga milango, ikaonekana vitabu vilikuwa vimepikwa. Wakurugenzi wakafungwa jela. Wenye hisa walilazimika kulipa madeni ya benki kutoka mifukoni mwao, na wengi waliishiwa kabisa. Mawe ya matawi yao yalikuwa mazuri hadi siku ya mwisho.

Kwa hivyo somo la kwanza la usanifu wa benki ni hili: ukuta husema kile mwenye ukuta anataka uamini. Si lazima kiwe kweli. Mtu anayepiga picha ya ukuta na kuandika "safi sana" anarudia tangazo la mwenye ukuta, tena bure, bila hata kulipwa bando.

Huku kwetu mawe yalisema kitu kingine zaidi. Mji wa Nairobi mwaka wa 1913 ulikuwa wa mabati kwa sehemu kubwa. Mtu aliyeinua jengo la mawe lenye mnara, ambalo kwa muda lilikuwa refu kuliko mengine yote mjini, alikuwa anasema: tumefika na hatutoki. Hapa Embu tunajua vile walifika. Waingereza walitushinda kwa bunduki 1906, miaka saba tu kabla ya mnara ule.

Na sasa nikwambie kitu ambacho wengi hawajui: Kipande House haikujengwa kuwa benki. Mwanzoni ilitumika kama ghala la reli. Wakati huo njia ya reli ilikuwa inapita karibu na hapo, mahali ambapo leo ni Uhuru Highway. Baadaye ndipo ikawa mahali pa kuandikisha Waafrika na kuwapa kipande, na jina likakwama.

Kipande kilikuwa nini?

Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha "wenyeji." Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, kisha kuanzia 1919 na 1920 ikaanza kutekelezwa kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alikotoka, alama za vidole, jina la mwajiri, siku aliyoanza kazi, mshahara, na siku aliyoachiliwa. Hiyo karatasi iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kikafungwa kamba, kamba ikavaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, ile kengele ya mbuzi. Mtu mzima, mwenye bibi na watoto, anavaa kengele ya mbuzi ili mzungu ajue yuko wapi.

Kufikia 1924 vipande zaidi ya nusu milioni vilikuwa vimetolewa.

Angalia vile kilifanya kazi, kwa sababu ujanja uko hapo. Ukiajiriwa, mwajiri anaandika. Ukitaka kuondoka, lazima aandike kwamba amekuachilia. Asipoandika, huwezi kuajiriwa kwingine, kwa sababu mwajiri mwingine akifungua kikopo ataona bado wewe ni wa fulani. Ukitoroka kwa sababu unapigwa au hulipwi, vidole vyako viko Nairobi na utatafutwa kama mhalifu. Ukipatikana bila kipande, faini au jela. Yaani mzungu hakuhitaji kuongeza mshahara ili akuweke kazini. Alihitaji tu kalamu na asiitumie.

Mhindi hakuvaa. Mzungu hakuvaa. Wanawake Waafrika hawakuandikishwa, na usifikiri ni heshima. Ni kwamba hesabu ilikuwa ya mikono ya shamba na reli.

Sasa weka hiyo sheria kando ya dada yake. Mwaka huohuo wa 1915 kulikuwa na sheria nyingine, ile ya Ardhi ya Mfalme, iliyofanya hata ardhi ya maeneo ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mahakama ikathibitisha 1921: Mwafrika ni mpangaji tu kwenye shamba la babu yake, anakaa kwa hiari ya serikali. Sheria moja ikachukua shamba, nyingine ikafunga mkono uliokuwa unalilima.

Na hapo ndipo benki inaingia, hata kabla ya kununua jengo lolote. Benki inakopesha mtu mwenye dhamana. Dhamana kubwa ya mkulima ni ardhi. Kama ardhi si yako kisheria, unaenda benki na nini? Mlowezi alikuwa na hati, akachukua mkopo, akanunua plau na mbegu, akahitaji wafanyakazi, na kipande kikamletea. Mwafrika hakuwa na hati, hakupata mkopo, akahitaji pesa ya kodi ya kibanda, akaenda kumfanyia mlowezi. Huo ulikuwa mtambo mmoja. Ghala la reli, ofisi ya vidole, kaunta ya benki: ukiviona kando kando ni majengo ya kizamani mazuri. Ukiviona pamoja ndo unaelewa kwa nini mji ulikuwa na mawe na kijiji hakikuwa nayo.

Mtu wa Kanja ataniambia: sisi tulikuwa huku juu mlimani, hayo ni mambo ya Nairobi. Hapana. Kuandikisha kulifanyika wilayani pia, chini ya DC. Mwanamume aliyetoka Embu kutafuta kazi kwenye mashamba ya walowezi alibeba chuma shingoni kama mwingine yeyote. Hii miinuko yetu ya chai na kahawa unayoiona leo, wakati huo Mwafrika hakuachwa alime kahawa apendavyo. Walowezi walitaka biashara hiyo iwe yao. Ilichukua hadi miaka ya 1930 ndipo Embu na Meru wakaruhusiwa kujaribu kidogo kidogo. Kwa hivyo njia ya kupata shilingi ilikuwa kushuka, na kushuka kulikuwa na kipande.

Na lugha yetu bado inakumbuka hata kama sisi tumesahau. Leo hii, 2020 na kitu, boda akisimamishwa usiku anaambiwa nini? "Toa kipande." Kitambulisho cha taifa, kile kikadi cha plastiki, bado watu wanakiita kipande. Unaenda kwa mama wa M-Pesa kutoa mia tano, anakuuliza, "Uko na kipande?" Neno la kikopo cha shingoni limetembea miaka mia moja likaingia kwa mfuko wako wa nyuma. Halafu unasimama mbele ya jengo lenye jina hilohilo unasema ni "mandhari."

Sisemi kitambulisho cha leo ni sawa na kipande cha mkoloni. Cha leo kinakupa kura, akaunti, laini ya simu. Lakini muulize kijana aliyefika miaka 18 anayezungushwa ofisi hadi ofisi akisubiri kadi, bila hiyo hawezi kuandikwa kazi, hawezi kufungua akaunti, hawezi hata kulipwa majani chai kwa jina lake. Atakwambia swali la zamani halijaisha: nani ana haki ya kudai karatasi kwa nani, na nani anaumia karatasi isipokuwepo?

Walioishi nacho hawakukipenda wala hawakunyamaza. Harry Thuku, aliyekuwa akifanya kazi ya simu pale Hazina ya serikali Nairobi, alianza kuwakusanya watu 1921 kupinga kipande, kodi, na mpango wa walowezi wa kukata mishahara kwa theluthi moja. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Tarehe 16 watu wakajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kusita, Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake, akawaambia wachukue hiyo nguo wampe suruali zao. Wakasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliokufa. Serikali yenyewe ilikubali watu 21 waliuawa. Wengine walihesabu zaidi. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Kutoka Kipande House hadi upande ule wa Harry Thuku Road unatembea kwa miguu, huhitaji hata boda. Unaweza kurekodi yote kwa alasiri moja. Nani amerekodi?

Na kuna kipande kingine cha hadithi ambacho nikikisimulia watu hucheka, halafu wananyamaza. Mwaka wa 1947 kipande cha Waafrika peke yao kiliondolewa, ikaja sheria ya kuandikisha watu wote wa rangi zote. Kwa alama za vidole. Walowezi walipoelewa kwamba na wao watatia vidole kwenye wino, waliwaka moto. Kelele za 1949 zilikuwa kubwa hadi serikali ikaunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na ikapatikana njia: mtu anayeweza kusoma na kuandika aweke sahihi na picha badala ya vidole. Wewe fikiria. Miaka thelathini Mwafrika amepakwa wino na hakuna aliyeona ubaya. Siku ulipokaribia kidole cha mzungu, ghafla ikawa ni kudhalilisha binadamu. Kwa hivyo usiniambie ati "hawakujua ilikuwa mbaya, zilikuwa nyakati zile." Walijua vizuri. Walijua pale walipoguswa wao.

Twende kwa benki sasa. National Bank of India ilianzishwa Calcutta 1863, makao yakahamia London 1866, ikafika Zanzibar 1892, Mombasa 1896, Nairobi 1904. Mwaka wa 1958 iliungana na Grindlays. Mwaka wa 1970 serikali ya Kenya ikanunua asilimia 60, na jina likawa Kenya Commercial Bank. Mwaka wa 1976 serikali ikamiliki yote. Na mwaka huohuo wa 1976, benki hiyo ikanunua Kipande House, ikaifanya tawi.

Soma tena hiyo orodha. Benki iliyokuja na ukoloni ikawa ya Wakenya, halafu ikanunua ofisi ya vidole. Hiyo ingekuwa hadithi kali kuliko zote za mji ule: mjukuu wa aliyeingia kutia wino, leo anaingia kwa mlango uleule kuweka pesa zake. Nawapa heko kwa mawili. Hawakubomoa, na hawakubadilisha jina. Wangeweza kuliita chochote. Pia paa linalolindwa na benki halivuji; tunajua majengo mangapi ya kihistoria katika nchi hii yako kwenye gazeti la serikali kama urithi na popo ndio wapangaji.

Lakini kutunza mawe ni nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Kwa nini nasema inawezekana kufanya zaidi? Kwa sababu mji uleule una jengo lililofanya kinyume. Pale Moi Avenue, mbele ya sanamu ya Tom Mboya, kuna Kenya National Archives, pale watu wa mashinani tunapatana tukishuka Nairobi. Lile jengo la nguzo lilijengwa 1906 kwa ajili ya benki. Leo ndani yake kuna faili za serikali ya kikoloni zenyewe, na chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii. Jengo la pesa likawa la kumbukumbu. Kipande House ilikuwa na kumbukumbu chungu ikawa jengo la pesa. Sidai wabadilishane. Nadai la pili lisiwe bubu.

Kuna kundi lingine nataka kuligusa, la wenzangu wakali wanaosema: kama ni ya mkoloni, bomoa. Nawaelewa hasira. Lakini fikiria kiwanja pale Kenyatta Avenue kikibaki wazi, nani atakipata? Si wewe. Si mtu wa Kanja. Itasimama ghorofa ya vioo, na jina Kipande litafutika hata kwa ramani. Aliyetenda atakushukuru kwa kumwondolea ushahidi. Mtu akikuibia na panga likabaki shambani mwako, hulitupi mtoni. Unaliweka mpaka kesi isikizwe.

Na wale wa "yamepita, tusonge mbele": tungesonga vizuri kama kila mtu angejua tulikuwa wapi. Mtoto wa darasa la sita hapa kwetu anaweza kukuchorea Big Ben lakini hajui mbugi ilikuwa nini. Huko si kusonga mbele.

Basi nataka nini? Vitatu tu, na hakuna kinachohitaji mabilioni.

Kwanza, benki itenge ukuta mmoja mkubwa ndani ya ukumbi wa wateja, pale foleni inapita. Kikopo cha chuma chenyewe kwenye kioo. Karatasi ya kipande, iliyokuzwa, kila sehemu imeelezwa: hapa vidole, hapa mshahara, hapa mwajiri alikataa kuandika. Kwa Kiswahili kwanza. Kibao kidogo chenye mwaka wa ujenzi hakitoshi. Mteja anayengoja kuhudumiwa ana muda wa kusoma, na pesa anazongoja kuhudumiwa nazo ni zake kwa sababu kuna watu walikataa.

Pili, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inalinda majengo kama haya, na National Museums of Kenya ndio wenye kazi. Urithi usihesabiwe kwa mawe na madirisha peke yake. Mwenye jengo la aina hii alazimike kutunza na hadithi yake, kama anavyolazimika kutunza paa.

Tatu, na hii ni yetu. Kaunti ya Embu na zingine za mlimani zikusanye vipande vilivyobaki manyumbani kabla havijauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Na sisi wenye simu turekodi wazee. Mtoto wa aliyevaa kipande leo ana miaka themanini. Hatutakuwa naye muda mrefu. Hiyo kontenti haina muziki wa polepole, lakini ndiyo pekee ambayo baada ya miaka kumi hakuna atakayeweza kuirudia.

Sijasema usipige picha. Piga. Jengo ni zuri, sibishi, na Gurdit Singh alijua kazi yake. Lakini chini ya picha andika hata haya, nakupa bure, nakili ubandike:

"Hii ni Kipande House, Nairobi, 1913. Hapa babu zetu walitiwa wino vidole vyote na kupewa chuma cha kuvaa shingoni ili wasiondoke kazini. Watu waliuawa tarehe 16 Machi 1922 wakimtetea mtu aliyekipinga. Leo ni benki. Mzee wenu alikuwa na kipande? Tuambie jina lake."

Laiki zitapungua kidogo. Majina yatakuja.